Shemeji Aliyesema Yeye ni Mtumbwi

Jumamosi, jioni. Mvua ya alfajiri imeacha ua wetu ukiwa matope matupu, na hema la kukodi bado limesimama kwa sababu wenyewe wamesema watakuja kulichukua kesho baada ya kanisa. Upepo wa ziwani unalitikisa. Kuna harufu ya kuku na udongo uliolowa. Nimeketi kitandani na miguu imevimba kama ya mtu aliyesafiri, ilhali nilichofanya mchana kutwa ni kusimama na kusema.

Nimesema maneno mengi leo kuliko siku yoyote ninayoikumbuka. Karibu yote hayakuwa yangu.

Naandika Kiswahili kwa makusudi. Kidholuo na Kiingereza nimevivuta huku na huku tangu asubuhi mpaka ulimi umechubuka. Hiki ndicho ambacho leo hakikutumwa sana. Majina nimeyabadilisha yote, na mji anakoishi kaka yangu sitautaja. Mkitaka kukisia, kisieni kimoyomoyo, si hapa kwenye maoni.

Lakini nimepumua. Hilo ndilo nililokuja kuandika.

Leo ilikuwa ayie ya dada yangu Awuor. Kwetu Wajaluo, kabla ya ng'ombe na kabla ya harusi, kuna siku hii moja. Neno lenyewe maana yake ni "nimekubali", na mwenye kulitamka ni mama wa binti. Mwanamume huja na watu wake, huketi, huulizwa maswali, hula. Mama asipolitamka, mmekula kuku wa bure na mnarudi kwenu.

Mwanamume mwenyewe ni Terrence, Mmarekani mweusi wa Chicago, mpole, mrefu, mwenye sauti ya mwimbaji wa besi. Amekaa Kisumu majuma machache. Hana ndugu huku, kwa hiyo mzee mmoja wa kanisa letu alikubali kuwa baba yake kwa siku moja, akaja na koti la kuazima na uso wa mtu aliyepewa cheo. Mama hajui Kiingereza. Baba Mdogo Ogolla, aliyekaa mahali pa marehemu Baba, anakijua kidogo, lakini anasema cha Terrence kimejaa ugali wa moto. Basi ikaamuliwa kwamba Atieno asiye na kazi atakuwa mdomo.

Atieno ni mimi.

Asubuhi, kabla ya wageni, Awuor alinivuta bafuni akafunga mlango. Ni muuguzi huko Marekani, ana karatasi zake zote, na huwa haogopi kitu. Leo mikono yake ilikuwa baridi.

"Usiguse mambo ya Ouma," alisema. "Terrence anajua bado anasoma."

"Bado? Sasa si atakuwa profesa."

"Atieno, usinichekeshe, nitalia niharibu uso. Huyu mtu ana msimamo mkali juu ya watu wasio na karatasi. Taarifa ya habari ikianza tunagombana. Nilisema nitamwambia, nikachelewa, halafu nikachelewa tena."

"Na wakiuliza?"

"Nani atauliza mambo ya Amerika kwenye ayie?"

Nilimwangalia dada yangu na kujua kwamba amekaa mbali mno. Amesahau wazee wa kwetu. Kwenye ayie huulizwa hata jina la mbwa wa nyanya yako.

Ouma ni kaka yetu, mtoto wa kwanza. Alikwenda kusoma. Ada ikakatika, ruhusa ya kukaa ikaisha, na yeye akabaki. Anabeba masanduku kwenye ghala la mtu anayemlipa mkononi. Hasafiri, haendeshi gari, hagombani na mtu. Tulipomzika Baba, udongo wa kwanza ambao ulikuwa wake ulitupwa na Baba Mdogo, naye Ouma akatutazama kwenye simu iliyoshikwa na Shangazi Dorka, picha ikikwama kwama. Angekuja, asingerudi. Asingerudi, tungekula nini wakati ule?

Hiyo ndiyo siri ya nyumba yetu. Tumeibeba kama gunia la omena, wale dagaa wa ziwani, wakiwa wabichi: kila mtu anasikia harufu, kila mtu anasema si yeye.

Kwa hiyo niliingia sebuleni nikijua vitu viwili vinavyoweza kuvunjika leo. Cha kwanza ni ndoa ya Awuor. Cha pili ni Ouma mwenyewe, kwa sababu mtu mwenye hasira na simu mkononi anaweza kufanya lolote.

Ilianza kwa kicheko. Terrence alikuwa amefanya mazoezi ya kusalimu, na alipoulizwa kama amekubali desturi za nyumba hii, hakunisubiri nimtafsirie jibu. Alikuwa amejifunza kwamba kwa Kidholuo "an" ni mimi na "yie" ni kukubali, akaviunganisha mwenyewe. Akasimama. Akaweka mkono kifuani.

"An yie!"

Sasa, yie ni kukubali, ndiyo, lakini yie pia ni mtumbwi. Alichotutangazia shemeji yangu, kwa sauti ile ya kanisani, ni kwamba yeye ni mtumbwi.

Mzee wa kanisa alifunika uso kwa kofia. Shangazi Dorka, dada yake Baba, alipiga kigelegele kabla ya wakati wake. Baba Mdogo, ambaye ana mitumbwi kadhaa ufuoni na anaipenda kuliko watu, aliinuka akamzunguka Terrence akimkagua mgongo na mabega.

"Ni mkubwa," alisema. "Ngoja tuone kama unavuja."

Nilimweleza Terrence. Alicheka mpaka akashika magoti. Nikafikiri, siku hii itapita salama.

Kisha Baba Mdogo, akiwa amefurahi na soda mkononi, akauliza swali ambalo nadhani alilitoa kwa ajili ya kupitisha muda tu, chakula kikingojewa. "Muulize orwa," alisema, maana yake mkwe wetu, "kwao Amerika kuna nini na huo mpaka? Kila siku kwa taarifa ni ukuta, ukuta. Watu wamewakosea nini?"

Awuor akakohoa. Kikohozi kilikuwa cha kuniomba mimi niwe kiziwi. Lakini Terrence alishasikia neno Amerika na anataka kujua ameulizwa nini, na wazee wote walikuwa wananitazama.

Nikatafsiri.

Angeweza kusema, "Mambo ya siasa, mzee wangu, ni marefu." Watu wengi wangesema hivyo. Terrence aliweka soda chini na kumjibu Baba Mdogo kama mtu anayemheshimu.

Baba yake alifanya kazi kwenye kiwanda cha nyama, alisema. Kazi ya damu na baridi, lakini ililipa, ilisomesha watoto. Halafu wenye kiwanda wakaanza kuleta watu wasio na karatasi. Mtu asiye na karatasi hadai, hagomi, haugui. Mshahara ukashuka. Wenyeji wakaachishwa, na wa kwanza kuachishwa walikuwa weusi. Yeye mwenyewe alipomaliza shule alizunguka miaka akitafuta kazi ambayo baba yake aliipata kwa kubisha hodi mara moja.

"Sisi ni wa mwisho kuitwa na wa kwanza kufukuzwa," alisema. "Na tukilalamika, tunaambiwa tuna roho mbaya. Sina ugomvi na mgeni. Lakini nyumba isiyo na mlango ni kituo cha basi. Funga mlango kwanza, walishe waliomo ndani."

Akanigeukia, akingoja nimfikishie.

Ngoja nikiri. Nilielewa kila neno lake, na si kwa akili peke yake. Nina shahada nzuri niliyoipata kwa jasho, na tangu nihitimu nawaandikia watu wengine barua za kuomba kazi kwenye saiba moja, duka la kompyuta na intaneti, mtaani Kondele. Hoteli ya huku ziwani iliponikataa kazi ya mapokezi ikamchukua msichana aliyevuka kutoka ng'ambo, nilikaa na uchungu ambao sikujua niuite nini. Huyu Mmarekani alikuwa anauita kwa jina, mbele ya wazee, bila haya.

Na wakati huohuo nilimwona Ouma, mgongo umepinda chini ya sanduku.

Yote mawili yalikuwa kweli, na nilikuwa na mdomo mmoja.

Ningeweza kuyalainisha. Awuor alikuwa ananiomba kwa macho. Ningesema tu, "Anasema kazi ni chache kwao pia," na wazee wangeguna, na kuku angefika. Sijui ni nini kilichonizuia. Labda ni kwamba mtu amezungumza juu ya baba yake, na maneno juu ya baba wa mtu hayapunguzwi. Nikaanza kwa Kidholuo, nikaeleza kiwanda, nikaeleza mshahara, nikafika mwisho. Hapo mwisho nikakwama, kwa sababu sentensi niliyokuwa naitafuta nilikuwa naijua tayari. Nimeisikia ufuoni tangu mwaka juzi.

Baba Mdogo ni mtu wa kamati ya ufuo. Kila mkutano hupanda juu ya kreti akawasema Waganda waliovuka ziwa bila karatasi wakachukua kazi za vijana wa hapa. Husema kwa Kiswahili, kwa sababu wavuvi ni wa makabila mengi, na vijana wasio na kazi humpigia makofi mpaka ndege wanaruka.

Nikasema, kwa Kiswahili hichohicho, makosa na yote: "Kwa ufupi anasema, kazi ya ziwa ni ya watoto ya ziwa."

Vichwa vyote vikamgeukia Baba Mdogo.

Kisha Shangazi Dorka akajipiga paja. "Uuwi! Ogolla, umepata pacha Amerika!"

"Hiyo ni maneno yangu!" Baba Mdogo alinigeukia mimi kana kwamba nimemwibia.

"Ni yake pia, Baba Mdogo."

"Yake ni tofauti. Yeye anafukuza watu yetu."

Terrence akaniuliza amesema nini. Nikatafsiri kabla sijafikiri. Uso wake ukakunjana. "Watu wenu wepi?" aliuliza. "Awuor ana karatasi."

Aliyetuokoa ni Shangazi, ambaye hakuwa anajaribu kuokoa mtu. Alikuwa bado na Baba Mdogo.

"Na wale Waganda wanaolala ndani ya mitumbwi yako," alimuuliza, "wao ni watalii?"

"Dorka, hii ni ayie. Si mkutano."

"Nauliza tu, ndugu yangu. Nani anawapa samaki watatu, pale kijana wa hapa angedai fungu lake?"

"Wanakubali."

"Eh! Wanakubali. Kumbe na wao walifanyiwa ayie."

Hapo hata mzee wa kanisa alisahau cheo chake akacheka. Nilimtafsiria Terrence kila neno, samaki watatu na watalii na yote, na kwa mara ya kwanza tangu alipoulizwa lile swali mabega yake yalishuka.

"Mwambie Baba Mdogo," alisema, "mabosi wangu wote walisema hivyohivyo. Wanakubali."

Nikamwambia. Baba Mdogo akanywa soda yake yote bila kupumua, halafu akajitetea kwa upande mwingine. Mpaka wa kwao ni wa nchi kavu, alisema, wanaweza kujenga ukuta. Mpaka wetu ni maji. Askari wa upande ule waliwahi kuchukua nyavu zake wakisema amevuka. "Nimevuka nini? Maji yana rangi mbili?"

"Kwa hiyo na wewe ulikuwa huna karatasi," alisema Shangazi.

"Nilikuwa nafuata samaki!"

"Na wao wanafuata nini?" Akajijibu mwenyewe. "Ziwani hapa mwenye kuvuka vizuri ni mbuta peke yake. Minofu yake inakwenda Ulaya bila viza, na sisi tunakwenda Obunga kununua mgongo wazi." Mgongo wazi, kwa wasiokuwa wa huku, ni mifupa ya samaki iliyokaangwa baada ya nyama kupelekwa kwa wenye pesa.

Nilianza kuamini kwamba tumepita. Mjadala ulikuwa umegeuka kuwa Shangazi dhidi ya Ogolla, na huo tumeuzoea tangu utotoni.

Ndipo Mama aliposema.

Mama wa Kijaluo hakai kula na mkwe wake, kwa hiyo alikuwa chumba cha pili, nyuma ya pazia, na mimi nilidhani anapakua. Kumbe alikuwa amesimama hapo muda wote. Hakupandisha sauti.

"Atieno. Muulize. Mwanangu Ouma ni mmoja wa hao anaowasema. Hana karatasi. Siku akigonga mlango wake, atafungua, ama ataita polisi?"

Awuor alifunga macho.

Sijui niandike nini juu ya wakati ule. Pazia lilikuwa limetulia. Vidole vya miguu ya Mama vilionekana chini yake, na ukucha mmoja ulikuwa na unga. Nilitaka kumchukia kidogo kwa kuuliza, kisha nikaelewa. Leo ndiyo siku pekee ambayo mtu huyu analazimika kumjibu. Kesho akishakuwa mkwe, Mama hawezi tena kumuuliza kitu kama hicho. Alikuwa amesikia "watu yetu" na akaona bora jambo lisemwe na yeye kuliko liponyoke mdomoni mwa Ogolla.

Nikatafsiri lote. Ouma. Karatasi. Mlango. Polisi.

Terrence hakunitazama. Alimtazama Awuor. "Uliniambia anasoma," alisema polepole, na hilo sikulitafsiri, kwa sababu hakuna aliyehitaji.

Kisha akainuka akatoka nje.

Kupitia dirishani nilimwona amesimama kwenye matope, pembeni ya hema, viatu vyake vipya vikizama. Alikuwa ametugeuzia mgongo. Mkono mmoja ulikuwa mfukoni, na mfukoni ndimo simu ilimokuwa. Nikaanza kuomba, mimi ambaye huwa naomba kwa aibu.

"Mkwe akitoka kabla hajala," Baba Mdogo alinong'ona, "ayie imevunjika."

"Nani alisema?" Shangazi akamnong'oneza. "Labda anakojoa."

Hakuna aliyecheka. Awuor alikuwa amekaa wima kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Nikaenda nikakaa karibu naye, mabega yetu yakagusana. Nyuma ya pazia Mama hakuwa amesogea.

Terrence aliporudi, viatu vilikuwa vizito kwa tope, akavivua mlangoni. Soksi zake zilikuwa na tundu dogo kwenye kidole. Hakuketi. Alisema na pazia, si na sisi, na alisema vipande vifupi vifupi akiningoja.

"Mwambie mama sijafurahi. Mimi na Awuor tuna mazungumzo, na si ya hapa.

"Mwambie sitamdanganya ili anipe binti. Msimamo wangu juu ya mpaka ni uleule niliosema. Nikipiga kura, nitapiga vilevile.

"Lakini polisi?" Akatikisa kichwa. "Mwambie kwetu hatuiti polisi. Mama yangu ameibiwa, hakuwaita. Jirani yetu aliwaita mara moja kwa ajili ya mtoto wake mwenyewe, na hadi leo anajuta. Mimi siwezi kumfanyia hivyo mtu yeyote wa nyumba yangu. Ndugu wa mke wangu akigonga, nitafungua. Tutabishana akiwa ndani."

Nikatafsiri kipande kwa kipande mpaka hilo la mwisho. Kwa Kidholuo ni maneno machache tu.

Baba Mdogo alikuwa amekunja uso, anasaga jambo. "Ngoja," alisema. "Hawaiti polisi?"

"Hawaiti."

"Hata wakiibiwa?"

"Hata wakiibiwa."

Aliwatazama wenzake mmoja mmoja, na uso wake ukafunguka taratibu kama mtu aliyemtambua mtu sokoni.

"Basi huyu ni mtu wa Kondele!"

Wanaoujua mji huu hawahitaji maelezo. Kwa wengine: Kondele ndiko maandamano ya Kisumu huishia, kwenye moshi wa kutoa machozi na milango iliyovunjwa kwa mateke, na huko ukisikia mtu anaita polisi, unajua ni mgeni. Nyumba nzima ilipasuka kicheko, kile kicheko cha watu waliokuwa wamebana pumzi. Mzee wa kanisa akasimama akasema yeye kama baba wa bwana harusi anathibitisha kwamba kijana wake ni wa Kondele, amezaliwa pale karibu na mzunguko. Shangazi akamuuliza Ogolla kama mtumbwi wake mpya unavuja. "Hauvuji," Baba Mdogo akasema. "Una kelele tu."

Terrence alikuwa ananivuta mkono. "Kondele ni nini? Ni tusi?"

"Hapana," nilimwambia. "Ni kwenu."

Na katikati ya kelele hizo, kutoka nyuma ya pazia, mara moja tu, kama mtu anayeweka sufuria chini:

"Ayie."

Awuor ndiye aliyelisikia kwanza. Alianza kulia na kuharibu uso, kama alivyoahidi asubuhi. Vigelegele vikapigwa, na safari hii Shangazi alikuwa na haki. Terrence akaambiwa ajibu. Akaweka mkono kifuani tena, soksi yenye tundu na yote, na akasema kwa taadhima:

"An yie."

Hakuna aliyemsahihisha.

Sitaki kuandika kana kwamba kila kitu kimenyooka. Baada ya chakula, Terrence na Awuor walikaa chini ya hema muda mrefu, viti viwili katikati ya viti vitupu, na mikono ilikuwa inapaa. Sikusikia maneno. Niliona dada yangu akisikiliza zaidi kuliko alivyozoea. Mtu aliyedanganywa ana haki ya kukasirika hata akishapewa kuku. Mwishowe Awuor alimfutia tope kiatuni kwa kitambaa, na yeye akamwacha afute kimoja tu, kingine akafuta mwenyewe.

Terrence alipokuwa anaondoka aliniita pembeni.

"Maneno yangu," alisema, "hukuyatia sukari?"

"Sikuyatia."

"Na ya mama?"

"Hata ya mama."

Aliitika kwa kichwa. Kisha akaandika namba yake kwenye simu yangu, akasema nimpe Ouma. Sikumuuliza kama ni kwa wema au ni kwa ule ubishi aliouahidi. Nadhani hata yeye hajui.

Na mimi, ningeulizwa leo, ningesema nini? Hakuna aliyeniuliza, na nashukuru, lakini swali limekaa nami hapa kitandani. Nataka kazi. Nataka Ouma aachwe. Nataka yule msichana wa mapokezi asiwe amekosea kwa kuvuka maji ambayo hayana rangi mbili. Nataka wale wanaolala mitumbwini kwa Baba Mdogo wapewe fungu kamili, kwa sababu wakipewa fungu kamili, kijana wa hapa naye atapewa. Ninapoyapanga hivi hayagombani sana. Yanagombana tu yakipandishwa juu ya kreti.

Sijui. Labda hilo ndilo nitakaloandika siku moja, kwa mdomo wangu mwenyewe.

Kwa leo inatosha kwamba gunia la omena limetolewa nje. Mama anaimba jikoni. Anakosea maneno ya wimbo na haonekani kujali.

Huko aliko Ouma bado ni mchana. Amenitumia ujumbe wa sauti, nyuma yake masanduku yanaburutwa, akinong'ona kama mtu anayeongea kanisani: "Mama amesema? Na huyo mtu ameambiwa juu yangu? Alisemaje?"

Nimeandika jibu refu, nikafuta. Nikaandika jingine, lenye kiwanda na kura na mlango, nikafuta. Nimechoka kutafsiri. Mwishowe nimemtumia mstari mmoja: Mama amesema ayie. Shemeji amesema yeye ni mtumbwi.

Ujumbe mwingine wa sauti umeingia. Kwanza kicheko, kile cha zamani, cha kabla hajaondoka, halafu sauti yake:

"Wa injini ama wa makasia?"

Nimemtumia namba. Amuulize mwenyewe.